Nguo za Nyumba Isiyo na Mtoto

Mchungaji kijana aliyeongoza mazishi ya Dorkasi pale Rusimbi, Kigoma, alisema marehemu alikuwa mtumishi ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Waombolezaji wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye treni asubuhi ile, miguu imevimba kwa safari ya kutoka Dodoma, na nilipoyasikia maneno hayo niliinua macho nikatafuta mtu wa kutazamana naye. Nikamwona Felista, mwanamke aliyeishi na Dorkasi nyumba moja kwa miaka mingi, kambini kwanza, kisha hapa mjini, ameketi mkekani karibu na jeneza. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama anayesema: mwache, ni mtoto, hakuwepo. Na kweli hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilimsikia Dorkasi akimkatalia mtu mbele ya kanisa zima, na tangu siku ile sijaweza kusikia mtu akisifiwa kwa utumishi bila kujiuliza kwanza ni nani aliyekuwa akitumikiwa, na alikuwa akipata nini. Wanangu husema nina roho ya mashaka. Ninayo. Niliipata Ujiji, mwaka wangu wa kwanza kazini, na sijaona sababu ya kuitupa.

Ulikuwa mwaka ambao vita vya ng'ambo viliwavusha watu ziwani kwa mitumbwi na maboti, ikawa huwezi kushuka ufukweni asubuhi usikute familia imekaa juu ya mabegi yaliyolowa. Waliandikishwa, wakapandishwa malori, wakapelekwa makambini. Waliobaki mjini bila kibali walijificha kwa ndugu, kwa marafiki, au kwa yeyote aliyehitaji mikono ya kazi. Basi kila mtu Ujiji akawa anamtegea jirani yake sikio: huyu anasema "mtu" au "mutu"? Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, ambaye hata bibi yake alizikwa Ujiji, alisimamishwa sokoni siku moja aeleze kwao ni wapi, kwa sababu ya lafudhi tu. Alirudi nyumbani akaimwaga kahawa uani kwa hasira. Mimi nilikuwa nesi mpya kutoka Njombe, sijui hata kula mgebuka bila kukwamwa na mwiba, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gwimo, alikuwa haachi kupita kwangu. "Mwakeye, nesi," alinisalimu kwa Kiha kila alipofika mlangoni, macho yake yameshanipita bega yanakagua kitanda. "Uko peke yako?" Nilikuwa peke yangu. Sidhani aliwahi kuniamini.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho uani, dirisha lake dogo linatazama ua wa nyumba ya pili, kwa Mchungaji Yeremia. Kati yetu kulikuwa na wigo wa matete uliochakaa, wenye upenyo ambao kuku wa Bi Zuhura waliutumia kama barabara. Mchungaji alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti nzuri kupita zote nilizopata kusikia, na kanisa lake lilikuwa la miti na turubai, lisilo la dhehebu lolote nililolijua. Watu walilijaza kwa ajili ya uponyaji. Walikuja kutoka Kigoma mjini, wengine kwa boti kutoka Ilagala, wakiwa na homa, matumbo, mapepo, utasa. Nami niliyekuwa nikiwaona watu walewale zahanati siku ya pili yake, homa zao zikiwa palepale, sikumpenda tangu mwanzo. Mke wake hakuonekana. Walisema yumo ndani, anafunga na kuomba. Aliyeonekana alikuwa Dorkasi.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, amevuka peke yake kutoka upande wa Fizi, Kongo, na aliyemtoa ufukweni kabla hajaandikishwa ni Mchungaji. Alichota maji ziwani, akafagia kanisa, akatwanga sombe, yaani kisamvu, ya wageni waliokuja kuombewa, akawaosha miguu wazee walipoingia ibadani, na yote hayo aliyafanya uso wake ukiwa umetulia kwa namna iliyotukera sisi wa upande wa pili wa wigo. Tukiwa tunakula, Bi Zuhura, binti yake Mwajuma na mimi, ugali wa muhogo na dagaa waliokaangwa kwa mawese, mazungumzo hayakuchukua muda kuishia kwake. Mwajuma alisema ni hawara wa Mchungaji. Jirani mmoja aliyekuja kuomba moto alisema mumewe alikuwa askari huko ng'ambo, na kwamba mwenye mikono safi hajitumikishi hivyo. Bi Zuhura hakusema hayo. Yeye alitazama kamba ya nguo. Kila mchana, mvua au jua, kamba ile ilijaa vipande vya kanga vilivyokatwa mraba, vimefuliwa vikafikichwa mpaka maua yake yamefutika. "Nyumba ile haina mtoto mchanga," alisema siku moja, akichambua mwiba wa dagaa kwenye jino. "Sasa nepi zile ni za nani?"

Swali hilo lilituingia kama mchanga kwenye viatu. Mwajuma alianza kusikiliza usiku kama kuna mtoto analia. Mzee Gwimo, alipoambiwa, alikunja uso akasema atalifikisha panapohusika. Na siku mbili tatu baadaye Dorkasi mwenyewe alikuja kwenye upenyo wa wigo kumrudisha kuku, akakuta Bi Zuhura ameketi kwenye kigoda anachagua mchele. Walisalimiana vizuri. Bi Zuhura akamuuliza, kwa upole wake wa kuchimba, kama Mchungaji anampa chochote kwa kazi zote zile. Dorkasi akatabasamu. "Hapana, mama. Miye niko mutumwa wa Kristo. Mutumwa halipwi."

Bi Zuhura aliuweka ungo chini. "Mwanangu," alisema, "neno hilo hapa Ujiji hatulitumii hovyo. Bibi yangu mzaa mama alitembea kutoka Manyema mti ukiwa shingoni. Alipofika hapa alikuwa ameshamzika mdogo wake njiani, tena si kumzika, kumwacha. Mpaka anakufa alikuwa akisikia neno hilo anaondoka barazani. Hakuna mtu anayelijua hilo neno akalisema anacheka."

Dorkasi alimweka kuku kwapani. Kisha akapiga goti pale pale kwenye udongo, akasema, "Unisamehe, mama. Sikujua ya bibi." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Lakini kuna mwenye anafungwa, na kuna mwenye anakaa." Akaenda zake. Bi Zuhura alimtazama mpaka akaingia ndani. "Huyo," aliniambia, "ama ni mtakatifu ama kuna kitu wamemnywesha. Na mimi watakatifu sijawaona wengi."

Mimi nilielekea kwenye hilo la pili, hasa baada ya yale niliyoyasikia jioni moja nikiwa nasuka nywele dirishani. Mchungaji alikuwa uani kwake, anaongea polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Ukitoka hapa kwenda popote zaidi ya ziwani, watakukamata kabla hujafika sokoni. Huna karatasi. Mimi ndiye karatasi yako. Umenielewa?" Sauti ya Dorkasi ikajibu, "Nimeelewa, Mchungaji." Kesho yake niliamka nikiwa na hakika yangu: mwanamke yule amefungwa, na minyororo yake ameambiwa aiite imani. Nilimwambia Bi Zuhura, naye akasema, "Hata mimi ndivyo ninavyoona," na kwa juma zima tukawa tunapanga namna ya kumtoa. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikukaa vizuri katika hakika yangu. Dorkasi alinisubiri siku moja njiani nikitoka kazini, ndoo kichwani, akaniuliza, "Sista, mutu akilala siku mingi, ni lazima umugeuze mara ngapi ngozi isipasuke?" Nikamwambia kwa haraka. Kisha nikauliza, "Nani amelala?" Akarekebisha ndoo yake. "Nauliza tu, sista. Aksanti." Nikabaki nimesimama. Mtu anayeuliza tu hashiki maneno ya jibu mdomoni, akiyarudia kimyakimya, kama nilivyomwona akifanya huku anaondoka.

Msako ulifika mtaani kwetu asubuhi ya siku ya kazi, sote tukiwa bado tunakunywa chai. Mwajuma alikuja mbio kutoka barabarani, askari wameanza nyumba za juu wanashuka. Bi Zuhura hakupoteza muda. Alichukua buibui lake, akaenda kwenye upenyo wa wigo, akaita, "Dorkasi! Pita huku. Vaa hili, ukae jikoni na Mwajuma. Hapa kwangu hawatamuuliza mtu." Dorkasi alikuja. Nilimwona amefika kabisa kwenye upenyo, mguu mmoja umeshaingia kwetu, mkono umelishika buibui. Ndipo ndani ya nyumba ile ikatoka sauti ya mwanamke. Haikuwa kilio, ilikuwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake kwa jina, kwa hofu. Dorkasi alilirudisha buibui mikononi mwa Bi Zuhura. "Hawezi kubaki peke yake," alisema. Akageuka akarudi ndani.

Afisa wa uhamiaji alikuja na Mzee Gwimo na askari wawili. Mchungaji aliwapokea langoni kwake kwa ile sauti yake nzuri, na sisi tukasogea wigoni bila aibu. Alipoulizwa kuhusu wageni hakusita hata kidogo. "Yupo mmoja, afande. Amejileta mwenyewe, nilimhurumia tu. Mchukueni." Bi Zuhura alivuta pumzi kama aliyechomwa. Afisa akataka kuona vyumba. Kimoja, kingine, vikaisha, kikabaki cha nyuma, kinachofunguka uani, chenye pazia zito, na hapo Mchungaji akasimama mbele ya mlango. Hicho ni chumba cha maombi, hakiingiwi na asiyefunga. Miezi ile watu walikuwa wakivuka na vitu vingine zaidi ya mabegi, na chumba kisichoingiwa kilikuwa na maana moja tu kwa afisa: silaha. Alimsogeza Mchungaji kwa kiganja, akavuta pazia. Akasimama pale pale. Kisha akageuka, akaniona na sare yangu juu ya wigo. "Wewe si nesi? Njoo hapa."

Nimeingia vyumba vingi vya wagonjwa maishani mwangu. Kile nakikumbuka zaidi kwa kilichokosekana. Mwanamke aliyelala pale kitandani alikuwa Felista, mke wa Mchungaji, mwembamba kama ufito, miguu yote miwili haina nguvu, na mkojo ukimtoka bila kukoma, kama maji yanavyotoka kwenye mtungi wenye ufa. Nilijua nini nitegemee: harufu ya kufukuza mtu, na vidonda vya kulalia mpaka mfupa. Havikuwepo. Sakafu ilikuwa imepigwa deki. Vipande vya kanga vilikuwa vimepangwa vikavu kando ya mto. Nilimgeuza, ngozi ya mgongo wake ilikuwa nzima, imepakwa mawese, inang'aa. Dorkasi alikuwa amekaa kichwani pake, amemshika mkono, anamtazama afisa bila kukwepesha macho. "Tangu lini?" nilimuuliza Felista. Akanijibu mwenyewe. Uchungu ulimshika siku nyingi, mumewe akasema hospitali ni kukosa imani, wakaomba. Mtoto alitoka amekufa. Tangu hapo ndivyo alivyo. "Na watu wangejua," alisema, bila hasira, kama anayeeleza hali ya hewa, "nani angekuja tena kuombewa?"

Afisa alitoka nje akavua kofia. Kisha akamwambia Dorkasi kwamba sheria ni sheria, kambini atakwenda, lakini hatambeba leo akamwacha mtu namna ile. Mgonjwa akipata nafuu, yeye afisa atarudi kumchukua. Nami nikamwambia Mchungaji, mbele yao wote, kwamba ugonjwa ule una jina, unaitwa fistula, na kwamba kuna daktari bingwa ambaye hufika hospitali mara mojamoja kushona akina mama kama mkewe, na wengi hupona. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema Mungu atamponya kwa wakati wake. Akasema, "Nesi, umefikiria watu watasema nini? Mimi niweke mikono wao wapone, wangu nimpeleke kwa kisu?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani kwake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Habari zilikuwa zimeshaenea, turubai limejaa mpaka nje, na Mchungaji alijua lazima aseme kitu. Alichagua kumsema Dorkasi. Alimwita mbele, akamweka mkono begani, akasoma katika torati ya Musa habari za mtumwa ambaye mwaka wake wa kuachiwa huru umefika, naye anasema nampenda bwana wangu, sitaki kutoka. Na bwana wake anampeleka mlangoni, anamtoboa sikio, na anakuwa wake daima. "Ndugu zangu," alisema, "mnamwona huyu? Malango ya nyumba yangu hayana kufuli. Amekaa kwa hiari. Huu ndio utumishi!" Watu wakapiga makofi. Bi Zuhura, Mwislamu aliyesimama nje ya turubai na ushungi wake, akisema ameletwa na njia tu, alisonya mpaka nikamsikia.

Dorkasi alisubiri makofi yaishe. "Mchungaji, ruhusa niseme." Hakungoja apewe. "Ni kweli, nimekaa kwa hiari. Yule mutumwa alisema nampenda bwana wangu. Hakusema namuogopa. Mi bwana wangu ni Yesu, na Yeye aliniweka kwa kitanda cha mama Felista. Kwako hakunipa hata siku moja. Maji yako nilichota kwa sababu ya karatasi. Ya mama nilichota kwa sababu ya mama." Sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Mama ameomba kwenda hospitali. Amesema mwenyewe. Kesho tunamupeleka. Ukinikataza, ninakataa."

Hakuna aliyesema amina. Mchungaji akaifunga Biblia. Kesho yake asubuhi wanawake walikuja bila kuitwa, wa kanisa lile na wa msikitini. Felista alilia akasema, "Sista, nitanuka njia nzima." Bi Zuhura akamfunika kwa kanga yake mpya ya sikukuu, ile ambayo Mwajuma mwenyewe alikuwa hajaruhusiwa kuigusa. "Nuka tu, mwanangu. Barabara ni ya wote." Tukambeba na kitanda chake mpaka barabarani palipokuwa na gari.

Daktari alichelewa, kisha alifika. Upasuaji wa kwanza haukushika, wa pili ukashika. Ilichukua miezi, na Dorkasi hakuondoka wodini. Alilala chini ya kitanda, akawageuza na wagonjwa wa vitanda vya jirani, na manesi wa pale, kwa tabia ya mwaka ule, wakaanza kuniuliza nilipokwenda kuwaona anatafuta nini. Nami nilikuwa bado nataka kujua. Siku moja tumekaa varandani, anakula mgebuka kwa vidole vya mtu aliyezaliwa nao, nikamuuliza wazi: angekimbia siku nyingi, kwa nini hakukimbia? Je, hakuogopa? Au ndiyo ule uoga wenyewe?

"Niliogopa sana," alisema. "Usifikiri ulikosea, sista. Yule baba alinitisha kila wiki." Akatoa mwiba mdomoni. "Lakini mwenye anatishwa anafanya kile anaombwa, basi. Hakuna mwenye aliniomba nimupake mama mafuta. Hakuna mwenye aliniomba nimuimbie. Hapo ndipo nilijua niko huru." Nilikaa nalo jibu hilo. Nililipindua kila upande, kutafuta palipofichwa kitu, na sikukiona. Nilimwongezea ugali.

Afisa alirudi, kama alivyoahidi. Lori la kambini lilikuwa limesimama mbele ya kituo cha polisi, hatua chache kutoka hospitali, watu wamekaa juu ya mabegi na masufuria yao, na sisi tulikwenda kumsindikiza: Bi Zuhura, Mwajuma, mimi. Felista tulimwacha wodini. Alikuwa ameanza kusimama juma lile tu, na Dorkasi alimuaga kitandani, wakakubaliana asije. Dorkasi alikuwa ameshapanda, injini inanguruma, nilipomwona Mwajuma anashika mdomo. Felista alikuwa anakuja barabarani, anaburuta miguu, ameshikilia ukuta wa kituo, kisha bega la mtu asiyemjua, kisha ubao wa lori. Alikuwa mkavu. Nguo yake ilikuwa kavu mpaka chini. Alisimama nyuma ya lori, jasho linamtiririka, akamwambia afisa, "Nipandishe."

"Mama, hili ni la wakimbizi. Wewe ni Mtanzania. Una nyumba yako Ujiji."

"Sina nyumba Ujiji."

"Unakwenda kule kama nani?"

Felista alimtazama Dorkasi, aliyekuwa amesimama juu ya masufuria ya watu akimwashiria arudi, arudi hospitali, machozi yanamtoka. "Mimi ni mtumishi wake," alisema.

Afisa hakucheka. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa jicho lile ambalo sote tulikuwa nalo mwaka ule, la mtu anayejua kwamba hakuna mtu anayefanya jambo la namna hii bure. Nilimwona akitafuta. Kisha akainama, akafungua ubao wa nyuma wa lori, akaita watu wawili waje wamnyanyue.